Jinsi ya kuonja chokoleti nyeusi yenye viungo ukiwa Dodoma

Shangazi yangu wa Kongwa alipopewa kipande chake cha kwanza cha chokoleti nyeusi alikitafuna mara tatu kama anayetafuna karanga, akameza, akanitazama.

"Mwanangu, hii ni dawa ya nini?"

Simlaumu. Chokoleti tuliyoizoea wengi wetu ni ile ya maziwa na sukari tele, inayokaa dukani jirani na peremende, na ile hata ukiitafuna mbiombio hupotezi kitu. Hii nyingine hutengenezwa na mtu anayenunua mbegu za kakao mwenyewe, anazikaanga mwenyewe, anazisaga siku mbili tatu kwenye mashine ya mawe, kisha anatia iliki, chumvi, zabibu au pilipili. Chokoleti hiyo inataka ikae mdomoni dakika mbili hivi kabla hujasema lolote. Nimeshaonja na ndugu na majirani hapa Nzuguni mara kadhaa, mara nyingine vizuri na mara nyingine kwa hasara, na nimepata utaratibu unaouweza mji wetu pamoja na jua lake, vumbi lake na maji yake ya chumvi.

Kwanza: nunua na ile tupu

Ukitaka kuonja chokoleti tatu zenye viungo, nunua nne. Ya nne iwe tupu, haina kiungo chochote, ya fundi yuleyule, na ikiwezekana yenye asilimia ileile ya kakao. Kama utaacha kila kitu kingine kwenye mwongozo huu, shika hili. Kiungo ni mgeni, kakao ndiyo mwenye nyumba. Usipomjua mwenye nyumba utamsifia mgeni chakula ambacho hakukipika. Nimewahi kuimwagia sifa chokoleti ya chungwa kwa uchachu wake mzuri, hata nikawapigia watu simu. Mwezi uliofuata nikapata ile tupu ya fundi huyohuyo: uchachu ni uleule. Chungwa lilikuwa limeleta harufu tu.

Kisha geuza karatasi usome. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Kwenye chokoleti nyeusi ya maana utakuta kakao, sukari, pengine siagi ya kakao, halafu kiungo. Orodha ikizidi hapo, uliza kwa nini. Asilimia 70 maana yake ni kwamba katika gramu 100, gramu 70 zimetoka kwenye mbegu ya kakao, unga wake na mafuta yake kwa pamoja, na karibu zote zilizobaki ni sukari. Ndiyo maana chokoleti mbili za asilimia 70 zinaweza kupishana sana: mmoja ameongeza siagi ya kakao ikawa laini na pole, mwingine hakuongeza. Ukikuta mafuta ya mawese yamechukua nafasi ya siagi ya kakao, hiyo ni bidhaa nyingine. Inunue kama unaipenda, ila usiilete kwenye meza ya kuonja. Na tofautisha "maganda ya chungwa" na "ladha ya chungwa". La kwanza limetoka kwenye tunda. La pili mara nyingi limetoka kwenye kichupa.

Kuhusu neno "hai". Afrika Mashariki tuna kiwango chetu cha mazao ya kilimo hai kilichopitishwa 2007, na alama yake inaitwa Kilimohai. Mkulima anayefuata kiwango hicho halimi kwa mbolea wala viuatilifu vya viwandani. Angalia kama cheti kinahusu kakao peke yake au na sukari na kiungo pia. Karatasi nzuri itakuambia. Lakini cheti kinasimulia habari za shamba, hakisimulii habari za jikoni. Kakao hai ikiungua imeungua. Na wapo wakulima wasiotia dawa yoyote ambao hawana cheti, kwa sababu cheti kina gharama zake, kwa hiyo usimdharau fundi anayekuambia ukweli huo waziwazi.

Mwisho, tazama kakao imetoka wapi. Hapa kwetu Dodoma hailimwi; mvua yetu ya milimita mia tano na kitu kwa mwaka haimtoshi mti ule unaopenda kivuli na unyevu. Kakao yetu kubwa inatoka Kyela, mkoani Mbeya, na nyingine bonde la Kilombero, Morogoro, na Muheza kule Tanga. Pale Mbingu, Kilombero, kuna Kokoa Kamili, walioanza 2013: wananunua mbegu mbichi kwa wakulima na kuzivundika na kuzikausha mahali pamoja, na ndiyo sababu kuna chokoleti za mafundi wa Marekani zenye jina hilo kwenye karatasi. Ukiona jina la bonde au la kijiji limeandikwa, ni dalili njema. Fundi anayejua mbegu yake imetoka kwa nani huwa na mengi ya kukueleza.

Pili: ifikishe nyumbani ikiwa nzima

Hapa ndipo nilipopata hasara yangu. Siagi ya kakao iliyogandishwa vizuri huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Ndiyo raha yake, maana mdomo una nyuzi 37. Ila ndani ya buti la basi, mchana wa Novemba, napo panafika huko na kupita.

Mara ya kwanza niliagiza chokoleti nne kutoka Dar es Salaam, nikatumiwa kwa basi. Niliipokea bahasha stendi saa kumi jioni, laini kama mkate wa moto. Nikakimbilia nyumbani nikaitia kwenye friji, juu ya dagaa wa kukaanga. Asubuhi chokoleti zilikuwa zimeganda, lakini zina michirizi ya kijivu kama majivu, zinamong'onyoka badala ya kuvunjika, na ile ya iliki ilinukia Ziwa Victoria. Basi lilichangia, ila dagaa walikuwa wangu.

Yale majivu si ukungu. Mafuta ya kakao hujipanga kwa namna kadhaa yanapoganda, na fundi hupata mng'ao na ugumu ule kwa kuyapasha, kuyapoza na kuyapasha tena kidogo, kwa vipimo, ili yajipange kwa namna moja anayoitaka. Yakiyeyuka na kuganda yenyewe, yanajipanga ovyo na mengine yanapanda juu. Chokoleti hiyo hailiwi kwa kuonja tena lakini haina ubaya wowote: ichemshe na maziwa asubuhi ya Julai, watoto watakushukuru. Kuna weupe mwingine unaokwaruza kidoleni kama mchanga mwembamba. Huo ni sukari iliyolowa kwa jasho la friji kisha ikakauka juu.

Siku hizi nafanya hivi. Kama kuna mtu anapanda treni ya SGR kutoka Dar, namwomba aibebe mkononi, ndani ya behewa lenye kiyoyozi, na si kwenye begi la kushuka nalo juani na kulisahau kwenye bodaboda. Tangu treni ianze kufika hapa 2024 sijapoteza chokoleti njiani. Kama ni lazima ije kwa basi, iwekwe kwenye deli dogo pamoja na chupa ya maji yaliyoganda, chupa imeviringishwa kanga ili isiguse karatasi. Na ninaagiza kati ya Juni na Agosti nikiweza, upepo wa Dodoma unapokuwa na adabu.

Ikifika, usiikimbize kwenye friji. Nyumba yenye dari mara nyingi ina chumba kimoja kilichopoa, labda cha upande usiopigwa na jua la jioni. Ukiwa unaishi chini ya bati tupu, tumia ukavu wa hewa yetu: weka chokoleti kwenye kopo linaloziba kabisa, kopo uliweke ndani ya sufuria yenye maji ya vidole viwili, funika yote kwa kitambaa kilicholowa ambacho pindo lake linagusa maji, kisha weka mahali penye kivuli na upepo. Ni kazi ileile ya mtungi wa bibi: maji yakikauka yanaondoka na joto. Wakati wa masika mbinu hii inapungua nguvu kwa sababu hewa ina unyevu. Hapo friji itakubalika, ila kopo lizibwe, na ukilitoa uliache limefungwa kwa nusu saa kabla ya kulifungua, lisije likatoka jasho juu ya chokoleti.

Tatu: visosi vitatu vya kufundishia ulimi

Watu wengi wakionja chokoleti nyeusi husema "chungu", wakamaliza. Kumbe Kiswahili kimetugawia maneno matatu na sisi tunatumia moja. Kabla ya kufungua chokoleti yoyote ninapanga visosi vitatu mezani, vyote kwa vitu vya Soko la Majengo.

Kisosi cha kwanza ni kipande chembamba cha nyanya chungu, mbichi. Tafuna. Huo ndio uchungu, unakaa ulimini na hauondoki upesi.

Cha pili ni kidole cha unga wa ubuyu mweupe, huu wa mibuyu yetu, na si ule uliotiwa rangi na sukari. Mate yanakutoka pembeni ya taya. Huo ni uchachu.

Cha tatu ni zabibu. Kula nyama yake, kisha utafune ganda na mbegu polepole. Utahisi ulimi na mashavu yamekauka, kama umepanguswa kwa kitambaa. Huo ni ukakasi. Ukikosa zabibu, ndizi mbichi itakufundisha bila huruma.

Sasa rudi kwenye kakao. Mbegu mbichi ya kakao ina ukakasi mkali na haina hata chembe ya harufu ya chokoleti. Harufu hiyo huanza kutengenezwa pale mkulima anapozivundika mbegu na utando wake mweupe mtamu, ndani ya masanduku ya mbao au chini ya majani ya migomba, siku tano hadi saba, zinapata moto zenyewe. Uvundikaji huo unazaa siki, na sehemu ya siki inabaki ndani ya mbegu. Ndiyo uchachu utakaousikia. Zikivundikwa siku chache, ukakasi unabaki mwingi. Zikikaangwa kupita kiasi, uchungu unakuwa wa moshi, kama kahawa iliyosahauliwa jikoni. Kwa hiyo ukiweza kusema "hii ina ukakasi kuliko uchungu", umeshaanza kuzungumza juu ya kazi ya watu wawili, mkulima na fundi, bila kuwaona.

Shangazi, mtu aliyekua akipanda mibuyu, ndiye aliyelishika hili haraka kuliko sisi wote tuliosoma.

Nne: maji, hewa na saa

Usionje kwa maji ya bomba wala ya kisima ya hapa mjini. Kila anayeishi Dodoma anajua chai yake ilivyo. Chumvi ile hupunguza uchungu mdomoni na kuivuruga kazi yote. Nunua maji ya chupa au tumia ya mvua uliyokinga vizuri, yasiwe baridi. Maji ya friji hugandisha siagi ya kakao ulimini na kukuachia utando kama wa nta. Pembeni weka kitu cha kusafisha mdomo kisicho na ladha yake: kipande cha ugali mweupe uliopoa kinashinda mkate.

Saa nzuri ni kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, chai imeshashuka, jua halijakasirika, na hakuna jirani anayekaanga vitunguu. Zima udi. Mwenye manukato akae karibu na mlango. Usiku siupendi kwa sababu kakao ina kafeini kidogo na ndugu yake theobromini, na nimeshawahi kumkeshesha mjomba wangu mpaka alfajiri. Theobromini hiyohiyo ni sumu kwa mbwa, hivyo makombo yasitupwe uani.

Kila mtu apewe kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kwa kila chokoleti. Zisizidi tano kwa kikao kimoja. Na zilizobaki zifungiwe kabatini kabla hamjaanza, maana chovya chovya humaliza buyu la asali, hasa kukiwa na wapwa nyumbani.

Tano: namna ya kuonja kipande kimoja

Anza na ile tupu. Itazame kwenye mwanga wa dirisha: iwe inang'aa, rangi moja, haina michirizi. Nyeusi tii si lazima iwe bora; kakao iliyokaangwa kwa kiasi huwa na wekundu kama udongo wa Kondoa.

Ivunje karibu na sikio. Ikilia "ka!" na kuacha ukingo safi, fundi aliigandisha ipasavyo na safari haikuiharibu. Ikipinda kwanza ndipo ikatike, chumba kina joto. Iweke ndani ya kopo kwenye sufuria yako ya maji robo saa. Asubuhi ya Julai mambo hugeuka, inakuwa ngumu kama kokoto na haitoi harufu, basi ishike kati ya vidole viwili kwa muda wa kusalimiana. Mgeni wetu mmoja alikuwa akisema "mbukwa" kwa kila aliyekuwepo, na alipomaliza kuzunguka chumba kipande chake kilikuwa tayari.

Inuse. Weka kiganja juu yake kama unavyofunika kikombe, fungua, vuta mara moja fupi.

Kisha bana pua kwa vidole, weka kipande ulimini, usitafune, hesabu hadi ishirini. Utasikia utamu, uchungu, uchachu, ukakasi, basi. Achia pua. Ghafla kila kitu kinaingia: karanga, moshi, ndizi iliyoiva kupita, chochote kilichomo. Hili huwashangaza watu kila mara. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya mdomo kwenda puani, na mafua yanapotunyima hamu ya kula hufanya hivyohivyo.

Baada ya hapo iache iyeyuke. Isukume taratibu juu ya kaakaa kwa ulimi. Sikiliza ulaini wake: ukihisi chembechembe, haikusagwa vya kutosha, au fundi ameamua sukari ibaki ya kukwaruza, wapo wanaoamua hivyo kwa makusudi na mimi si mpenzi wao. Kuna mambo matatu ya kukumbuka: kilichokuja kwanza, kilichofuata ilipokuwa inayeyuka katikati, na kilichobaki dakika moja baada ya kumeza. Chokoleti duni hubakiza sukari. Nzuri inaendelea kuzungumza hata umeshaanza kufanya jambo lingine.

Kunywa maji, kula tonge dogo la ugali, subiri dakika mbili. Usiruke hatua hiyo kwa haraka ya kufikia pilipili.

Sita: panga viungo kwa ukali wao

Ukianza na pilipili umemaliza kikao. Utaratibu wangu ni tupu, chumvi, matunda, karanga au kahawa, iliki na mdalasini, karafuu, na mwisho tangawizi na pilipili. Kwa kila moja jiulize swali moja: nikikumbuka ile tupu, mwenye nyumba bado yupo?

Chumvi inakuja karibu kabisa na tupu kwa sababu ndiyo yenye hila. Chumvi kidogo huzima uchungu, hivyo chokoleti yenye sukari ileile itaonekana tamu zaidi. Fundi mzuri huitumia kuinua kakao. Fundi mwenye kakao iliyoungua huitumia kuficha. Utamjua kwa kulinganisha: kama tupu ilikuwa na uchungu wa moshi na ya chumvi haina, umemkamata. Angalia pia kama chembe zimenyunyizwa juu au zimechanganywa ndani. Zikiwa juu, weka upande wa chumvi ulimini mara ya kwanza na upande wa pili mara ya pili. Ni kama chokoleti mbili.

Matunda yana jambo moja la kiufundi. Chokoleti iliyoyeyuka haipatani na maji. Matone machache tu na uji wote unakuwa mabonge, kama unga uliotiwa maji ya moto kwa pupa. Kwa hiyo fundi hawezi kutia juisi ya chungwa wala embe bichi. Hutumia maganda yaliyokaushwa, mafuta ya ganda, au tunda kavu. Zabibu kavu zinafaa, na sisi wa Dodoma tunaovuna mara mbili kwa mwaka tungepaswa kuziona kwenye chokoleti nyingi kuliko tunavyoziona. Ukionja ya zabibu, acha chokoleti iyeyuke nusu, ndipo utafune tunda. Ukitafuna mwanzo, utamu wa zabibu unalamba kila kitu. Na ubuyu! Ubuyu ni mkavu tangu ukiwa mtini, hauhitaji kukaushwa na mtu, una uchachu wake safi. Ukimpata fundi anayetia ubuyu, linganisha na kisosi chako cha pili: je, huo uchachu ni wa ubuyu au kakao yenyewe ilikuwa nao?

Kwenye karanga na korosho tafuta harufu ya mafuta ya zamani. Karanga huharibika kabla ya chokoleti, na huku kwenye joto zinaharibika upesi. Kahawa napita haraka: mara nyingi ni uchungu juu ya uchungu, na sijaonja iliyonishawishi.

Iliki ndiyo ninayoipenda na ndiyo inayokosewa zaidi. Ikizidi kidogo tu unakunywa chai ya harusi. Iliyopimwa vizuri haionekani mwanzo. Inachomoza chokoleti ikishayeyuka, kwa hiyo pua iliyobanwa ni ya lazima hapa. Mdalasini hutoa utamu ambao haupo: ukihisi sukari imeongezeka, rudi kwenye karatasi usome, utakuta asilimia ni ileile. Tumezoea kuukuta kwenye maandazi, ndiyo maana.

Karafuu ionjwe karibu na mwisho kwa sababu inatia ganzi. Si ladha tu. Mafuta yake yanafanya ulimi usisikie, na ndiyo maana bibi zetu waliiweka kwenye jino bovu. Baada ya karafuu subiri dakika tano nzima.

Tangawizi na pilipili si ladha kwa maana ya utamu au uchungu. Zinaamsha mishipa inayohisi moto, na moto wa pilipili huchelewa, unapanda umeshameza. Usiongeze kipande cha pili kwa kudhani cha kwanza hakikuwa na kitu. Jirani yetu alifanya hivyo, akaomba maji, akanywa nusu lita, hali ikawa mbaya zaidi, kwa sababu ukali wa pilipili haushikwi na maji bali na mafuta. Maziwa mgando yalimwokoa. Watu wa Meksiko walikuwa wakinywa kakao na pilipili muda mrefu kabla Wahispania hawajaitia sukari, kwa hiyo usidhani ni mtindo wa vijana wa juzi.

Naulizwa kuhusu mvinyo wetu. Mwekundu mkavu na chokoleti ya asilimia 80 ni ukakasi kukutana na ukakasi, mdomo unabaki kama turubai. Ule mtamu unakubalika, baada ya kikao, na si wakati wake.

Saba: andika, kisha mwandikie fundi

Kila mtu awe na karatasi yake, na asiseme kitu mpaka wote wameandika. Mkubwa akisema "nasikia tumbaku", wadogo wote watasikia tumbaku. Hapa kwetu nimepiga marufuku maneno mawili, "nzuri" na "tamu". Andika kitu unachokijua: gunia jipya, siki, mvua ya kwanza juu ya vumbi, majivu ya jiko, ukwaju. Maneno ya nyumbani yanafanya kazi kuliko majina ya matunda ya Ulaya ambayo hujawahi kuyashika. Shangazi aliionja ile tupu ya Kilombero, safari hii bila kuitafuna, akanyamaza muda, akasema inanukia kihenge cha mtama siku kinapofunguliwa. Hakuna aliyepata maelezo bora kuliko hayo, na baada ya kusema ndipo nami nikaisikia.

Namba ya toleo au tarehe iliyoko nyuma ya karatasi iandike pia. Fundi mdogo hutengeneza kilo chache kwa mara moja, na ya Machi inaweza isifanane na ya Septemba. Kisha mtumie ujumbe. Karatasi nyingi zina namba ya simu, na kwa uzoefu wangu anayejibu ni yeye mwenyewe. Usimtumie sifa tupu. Mwambie mlichokisikia, kwa mpangilio, na mahali ambapo kiungo kilimfunika mwenye nyumba.

Jumamosi iliyopita nilikuwa naandika ujumbe huo nikamuuliza Shangazi kama ana neno la kuongeza.

"Hii ya karafuu mwambie apunguze," alisema. "Mimi siumwi jino."